Mbuzi ametoa mimba: kabla ya kumshutumu jirani, tuangalie kitu gani kinaangusha mimba za mbuzi wetu

Asubuhi unafungua banda, mbuzi wanatoka mbio kufuata majani, mmoja anabaki nyuma. Amesimama kichwa chini, mkia umelowa damu, na kwenye nyasi kamelala katoto kake, hakajaota hata manyoya. Ilibaki karibu miezi miwili azae.

Kila mfugaji wa hapa Bunia, wa Djugu, wa Irumu, wa Mahagi ao wa Aru amekwisha kuona hiyo picha, ao ataiona siku moja. Na inauma, juu kwetu mbuzi njo akiba. Mtoto akifukuzwa masomoni sababu ya minervali, mbuzi anatoka. Mtu akilazwa hospitalini, mbuzi anatoka. Ukweni wakidai mahari, mbuzi anatoka. Mimba ya mbuzi ni siku 150, ni kusema miezi tano. Ikianguka kwenye mwezi wa nne, utangoja beberu ampande tena, kisha miezi tano mingine. Mwaka karibu mzima umepita na hakuna kitu ulichopata.

Kwa hiyo watu wanatafuta mwenye makosa. Mmoja anasema ni jicho la jirani. Mwingine anasema kuna mtu alimwaga sumu kwenye majani. Katika jimbo letu, ambako watu wameteseka sana kwa kutoaminiana, maneno kama hayo si mchezo: mbuzi mmoja anaweza kuleta ugomvi wa familia mbili. Sumu inaweza kutokea, sikatai. Lakini sababu za kweli za mimba kuanguka zinajulikana, na nyingi zimo ndani ya banda letu wenyewe, ndani ya chakula, ndani ya dawa tunazonunua sokoni, na ndani ya mbuzi mpya tuliyemleta wiki iliyopita.

Kwanza tujue kwamba mbuzi ana mimba nyepesi kuliko kondoo, na si maneno ya wazee tu. Kwa kondoo, mimba ikifika karibu miezi miwili, kondo la nyuma, ile nyama inayomfuata mtoto wakati wa kuzaa, linaanza lenyewe kutengeneza dawa ya mwili inayoshikilia mimba. Kwa mbuzi si hivyo. Tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kuzaa, kazi hiyo inafanywa na kivimbe kidogo kilicho kwenye kifuko cha mayai ya mbuzi. Kitu chochote kikikiharibu kile kivimbe, iwe homa kali, njaa, woga mkubwa ao dawa mbaya, mimba haina tegemeo lingine. Inatoka. Njo maana ndani ya kundi moja kondoo anaweza kupita katika shida na akazaa, na mbuzi akapoteza.

Swali la kwanza ni hili: ni mbuzi mmoja, ao ni wengi? Kama una mbuzi kumi na mmoja tu ametoa mimba mwaka huu, inawezekana ni ajali. Hata kwenye mafamu yenye kutunzwa vizuri, kwa mbuzi mia wenye mimba, wawili, watatu, hata watano wanaweza kupoteza. Lakini kama katika hao kumi wawili wametoa ndani ya mwezi mmoja, ao watatu wamefuatana, usizungumze tena juu ya bahati mbaya. Hapo kuna ugonjwa unaotembea, ao kuna kitu wote wamekula.

Swali la pili: mimba ilikuwa na umri gani? Ikiharibika mapema, kabla ya miezi miwili, mara nyingi hauoni kitu. Mwili unakimeza kile kidogo kilichokuwa ndani, ao kinatoka porini na mbwa wanakipata wa kwanza. Wewe unaona tu kwamba mbuzi amerudia kutaka beberu, na unasema huyu ni tasa. Si lazima awe tasa.

Tuanze na njaa, juu ndiyo wengi tunaisahau. Hapa kwetu kiangazi kinashika kutoka mwezi wa 12 mpaka mwezi wa 2. Majani yanakauka, vilima vinachomwa moto, mbuzi aliyefungwa kamba anazunguka mti wake na hakuna kitu. Sasa piga hesabu: mbuzi aliyepandwa katikati ya mwezi wa 9 atazaa katikati ya mwezi wa 2. Miezi yake miwili ya mwisho inaanguka ndani ya kiangazi chote. Na ni katika hiyo miezi miwili njo mtoto anakua kwa nguvu. Uzito wake mwingi anaupata pale. Mama anahitaji chakula zaidi wakati hakipo, na tumbo lenyewe limejaa watoto wawili, halina nafasi ya majani mengi makavu. Akikosa sana, mwili wake unachagua kuokoa mama na kuacha mtoto. Kwa wengine mimba haitoki, lakini mama anadhoofika, anakataa kula, anayumba sawa mlevi na anakufa siku chache kabla ya kuzaa. Watu wanasema amelogwa. Ni njaa.

Dawa ya hiyo haiuzwi famasi. Majani ya viazi vitamu, pumba za mahindi, maganda ya ndizi, majani ya miti kama lesena na kaliandra kwa wenye kuyapanda: konzi kadhaa kila jioni kwa yule mwenye mimba kubwa, tangu mwezi wa nne. Na mwenye kuweza kumfunga beberu peke yake afanye hivyo, ili mimba zisikomee wakati wa ukame. Lakini angalisho: usimpe mahindi yaliyooza ao yenye ukungu kwa kufikiri kwamba ni ya kutupa tu. Ukungu una sumu yake, na ndani ya chakula kilichooza kuna kijidudu kinachoitwa listeria, ambacho kinaangusha mimba ya mbuzi na pia ya mama wa kibinadamu.

Kuna pia jambo la chumvi. Congo yetu inajulikana kwa ukosefu wa iodini: Ubangi, Uele, kisiwa cha Idjwi kwenye ziwa Kivu, waganga waliandika mengi juu ya watu wa huko waliokuwa na uvimbe wa shingo. Mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri inaongeza shida hiyo. Yale yanayompata mtu yanampata pia mbuzi, na mbuzi ni mwepesi kuliko ng'ombe kwa jambo hili. Kama watoto wanazaliwa wamekufa, hawana manyoya hali siku zilitimia, na chini ya koo kuna uvimbe sawa yai, fikiri iodini kwanza. Chumvi ya jikoni yenye iodini, kidogo kidogo ndani ya pumba, inasaidia. Bei yake kila mama anaijua.

Halafu kuna mapigo na mbio. Mbuzi kupigwa teke tumboni, kupigwa pembe na mwenzake kwenye banda dogo, kufungwa miguu na kulazwa nyuma ya motari kutoka soko mpaka nyumbani, yote hayo yanaangusha mimba. Tangu vita iliporudi katika Djugu mwisho wa 2017, kisha ikaingia Irumu, familia nyingi zimekimbia usiku na mbuzi zao kwa kamba. Waliofika Kigonze na penye makambi mengine wanajua namna ilivyo: mbuzi anatembea siku mbili bila maji, anafika, na wiki hiyo hiyo mimba inatoka. Hapo hakuna siri ya kutafuta. Lakini watu wakiwa wengi mahali pamoja, mbuzi wa vijiji kumi wanakunywa kwenye maji mamoja, na hapo magonjwa nayo yanapata njia.

Kabla ya kufika kwa magonjwa, neno moja juu ya dawa. Watu wengi wananunua vidonge vya watu na kuwapa mbuzi. Albendazole, dawa ya minyoo ambayo hata watoto wanapewa masomoni, haifai kwa mbuzi aliyepandwa juzi. Ndani ya mwezi wa kwanza wa mimba inaweza kuua ao kulemaza kile kilicho tumboni. Ya pili ni ile dexa, ambayo watu wengine wanaimeza wakitafuta kunenepa. Waganga wa mifugo wanajua kwamba sindano ya dexa inaweza kuanzisha uzazi kwa mbuzi ambaye mimba yake imekaribia kukomaa. Sasa wewe unaona mbuzi wako amechoka, unamwita mtu wa sindano asiyeuliza swali, anamchoma dexa, na siku mbili tatu kisha mtoto anatoka kabla ya wakati. Kila mara dawa ikitolewa kwa mbuzi, sema kwanza kama ana mimba na ya miezi mingapi. Kama mwenye dawa haulizi, uliza wewe.

Sasa magonjwa ya kuambukiza. Hapa ninaomba tusome polepole, juu haya hayabaki kwa mbuzi.

Ya kwanza ni bruselozi. Kwa mbuzi inaangusha mimba mara nyingi kwenye mwezi wa nne, kondo la nyuma linaweza kukwama, na beberu anaweza kuvimba makende. Inaingia na mbuzi mpya, ao na beberu wa kuazima anayezunguka kijiji kizima. Historia yake ni ya kisiwa kimoja cha Ulaya kinachoitwa Malta. Askari wa Uingereza waliokaa pale walikuwa wakishikwa na homa ya muda mrefu, wengine wanakufa, hakuna anayejua inatoka wapi. Mwaka wa 1887 muganga David Bruce alikipata kijidudu chenyewe. Lakini ilichukua mpaka 1905 kwa muganga wa pale pale Malta, Themistocles Zammit, kuona kwamba kilikuwa ndani ya mbuzi, wale mbuzi waliokuwa wanakamuliwa mlangoni pa watu. Mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa. Maziwa yalipokatazwa kwa askari, homa ilishuka.

Kwa nini ninasimulia ya Malta? Juu homa ile ile kwetu inaitwa malaria. Mtu anapata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, anatibiwa malaria mara tatu, mara nne, haponi. Kama nyumbani kuna mbuzi waliotoa mimba, ao kama anakunywa maziwa mabichi, amwambie muganga hilo wazi. Bruselozi ya mtu inatibika, lakini kwa dawa za antibiotiki mbili pamoja kwa muda wa wiki sita hivi, si kwa kinini.

Ya pili inaitwa homa ya Q. Mbuzi mwenye kijidudu hicho anaonekana mzima, anakula vizuri, kisha siku moja anatupa mimba kwenye siku za mwisho. Kondo lake na maji yake yanabeba vijidudu kwa wingi wa ajabu, vinakauka, vinakuwa vumbi, vinapeperushwa na upepo, na mtu anavivuta bila kumgusa mbuzi. Uholanzi, nchi ya matajiri yenye waganga wa mifugo kila kona, iliona hayo kati ya 2007 na 2010: mafamu makubwa ya mbuzi wa maziwa yalishikwa na wimbi la kutoa mimba, na watu zaidi ya 4,000 waliokaa jirani waliandikishwa kuwa wagonjwa. Serkali iliamua kuua mbuzi wenye mimba zaidi ya 50,000. Kama upepo wa Uholanzi uliweza, vumbi letu la kiangazi linaweza pia.

Kuna klamidia, ambayo inapiga wiki za mwisho za mimba, na mara nyingi inashika wale wenye mimba ya kwanza. Na kuna toksoplasma, ambayo mwenye kuileta ni paka. Paka mdogo anayewinda panya anaweza kunya ndani ya pumba ao majani yaliyolundikwa; mbuzi anakula, kijidudu kinakwenda kwa mtoto tumboni. Unaweza kuona mapacha, mmoja amekufa zamani na kukauka sawa ngozi, mwingine amezaliwa dhaifu. Habari njema ni kwamba mbuzi aliyekwisha kupoteza mimba kwa toksoplasma kwa kawaida hapotezi tena kwa sababu hiyo. Mwili wake umejifunza. Kwa hiyo si kila mbuzi aliyetoa mimba ni wa kuchinja. Funika chakula cha mbuzi, hiyo tu.

Kisha kuna homa ya Bonde la Ufa, na hii ina alama yake. Haipigi mmoja leo na mwingine mwezi ujao. Kisha mvua kubwa sana, mbu wakiwa wengi, karibu mbuzi na kondoo wote wenye mimba wanatupa ndani ya siku chache, na watoto wachanga wanakufa kwa wingi. Ilijulikana kwanza Kenya, karibu na Naivasha, mwaka wa 1931. Mvua za mwisho wa 2006 ziliiamsha Kenya kisha Tanzania ikashikwa 2007, na watu walikufa. Uganda iliiona Kabale mwaka wa 2016, Rwanda mwaka wa 2018 na 2022. Sisi tuko mpakani, mifugo inapita Mahagi na Aru kila wiki. Ukiona wimbi la namna hiyo, usichinje, usipasue, usile, usiuze: damu yake ndiyo hatari. Piga simu kwa ofisi ya ufugaji na kwa kituo cha afya siku ile ile.

Magonjwa mengine nayo yanaangusha mimba kwa sababu ya homa tu, kama ile peste ya mbuzi na kondoo, yenye makamasi, vidonda vya mdomo na kuharisha, ao ugonjwa wa mbungo. Lakini hapo utamuona mbuzi mwenyewe anaumwa kabla mimba haijatoka.

Sasa turudi pale asubuhi kwenye banda. Nani kwa kawaida anaokota kale katoto? Mama, ao binti wa miaka kumi na mbili, kwa mikono mitupu. Anakatupa nyuma ya ua, mbwa anakabeba mpaka kwa jirani. Wakati mwingine mama mwenyewe ana mimba. Karibu yote niliyoyataja hapa juu yanaweza kuharibu mimba ya mwanamke. Kwa hiyo mama mwenye mimba asikaribie banda siku hiyo, wala asimsaidie mbuzi kuzaa hata kama anazaa vizuri. Yule anayeokota avae glavu ao mifuko ya plastiki mikononi, afunge kitambaa kwenye pua na mdomo. Ka mbuzi kaliyokufa, kondo na nyasi zilizolowa vyote vizikwe mita moja chini, mbali na kisima, ao vichomwe. Mwagia maji ya javel pale palipokuwa, nawa kwa sabuni. Haya si mapya kwetu: kati ya mwezi wa 8 wa 2018 na mwezi wa 6 wa 2020, wakati wa Ebola, sisi wote tulinawa mikono mbele ya kila mlango na tulijifunza kutogusa. Ni tabia ile ile, kwa mbuzi.

Mbuzi mwenyewe umtenge wiki tatu hivi, juu anaendelea kutoa uchafu wenye vijidudu hata akionekana amepona. Maziwa yake yachemshwe mpaka yapande, ao yamwagwe.

Na usikimbie kumpeleka sokoni. Hili ninalisema kwa uchungu, sababu nyumbani kwetu tulifanya hivyo. Mbuzi alitupa mimba mara mbili, tukamuuza mzima kwa bei ya chini kwa mtu wa ng'ambo ya mtaa, bila kumwambia. Mwaka uliofuata mbuzi wake watatu walitupa. Na wa kwetu? Beberu wake alikuwa akivuka kuja kwetu. Ugonjwa tulioutuma ulirudi na miguu yake minne.

Kujua kwa hakika ni ugonjwa gani, macho hayatoshi, hata macho ya muganga. Inatakiwa damu ya mbuzi, na kondo pamoja na katoto ndani ya mifuko miwili, kwenye termosi yenye barafu, vifike kwa veterinere ndani ya siku moja. Laboratware kubwa ya mifugo ya nchi iko Kinshasa, na kila mmoja anajua umbali huo. Lakini kwa bruselozi kuna kipimo chepesi: tone la maji ya damu na tone la dawa ya rangi ya waridi juu ya kibao, unatikisa dakika nne, ikigandamana punjepunje, kuna shaka kubwa. Wafugaji wa kijiji kimoja wakichangia, veterinere anaweza kupima mbuzi wengi siku moja.

Atakapokuja atauliza maswali. Ni mbuzi wangapi, wangapi wametoa mimba, siku gani, ni mimba ya kwanza ao ya tatu, walipewa dawa gani, nani mpya ameingia kundini, beberu ni wa nani. Kwa hiyo chukua kikaye cha zamani cha mtoto wako wa masomo na uandike siku beberu alipompanda kila mbuzi. Ongeza siku 150 hapo, utajua ni wakati gani wa kuanza kumpa pumba na wakati gani wa kumtenga kwa kuzaa.